Jumbe Kumi na Moja Nyuma ya Wangu

Tulikuwa watano chumbani siku tuliyomsomea hitima Fundi Abdu. Mjane wake, Bweni Hadija, alikaa karibu na mlango ili asikie maji ya chai yakichemka. Moinaecha, ambaye zamani alipeleka jumbe kwa miguu mji mzima, aliegemea ukuta kwa sababu magoti yake sasa hayakunjiki. Mdogo wangu Nadjim alikuwa amefika asubuhi kutoka Zanzibar, akawaacha wanawe wawili uani wacheze na paka. Msomaji alikuwa kijana wa msikiti wa jirani, mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Wa tano nilikuwa mimi, Zainaba. Kijana alisoma vizuri mpaka akafika mahali pamoja, pumzi ikamwishia, akasimama. Moinaecha akakohoa. "Hapo hapasimamwi, mwanangu," akasema bila kufungua macho. "Tazama juu ya neno. Pana alama." Kijana akarudi nyuma, akaunganisha. Bweni Hadija akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye, na nikajua kwamba sote wakongwe mle ndani tulikuwa tumeondoka kwenye chumba kile tukaingia kingine, cha juu ya duka la vitambaa, katika mtaa wetu wa Magoudjou mjini Moroni, katika mwaka ambao kisiwa jirani cha Nzwani kilijitenga.

Watoto wa Nadjim waliniuliza jioni ile, "Shangazi, ulimpataje baba alipopotea?" Wanasoma Kiswahili kuliko lugha ya kwetu, nami nilikijua nilipoishi nao Zanzibar miaka sita, kwa hiyo nawaandikia kwa Kiswahili. Walitaka hadithi fupi. Nadjim aliwapa fupi: shangazi yenu alinitafuta kwa kompyuta. Ni kweli, lakini ni kama kusema kwamba wali ni mchele ulioingia maji.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha mapema, kwa sababu ambazo kila yatima mkubwa anazijua na sitazirudia hapa. Nilikuwa na wadogo wawili, Nadjim na Sitti. Nadjim, wa miaka kumi na tisa, alikuwa amekwenda Mutsamudu, mji wa Nzwani, kujifunza kuchomelea vyuma kwa fundi mmoja karibu na bandari. Sitti, wa miaka tisa, alibaki nami. Kisha siasa ikaingia kati ya visiwa. Sisi wa Moroni, kisiwani Ngazija, tuliamka tukaambiwa kwamba wale wa Nzwani si wenzetu tena, ikafuata habari ya bunduki, kisha meli zikazuiwa na simu zikanyamaza. Unapiga namba ya Mutsamudu unasikia mvumo tu, kama mtu ameweka sikio lako kwenye kome. Miezi minne nzima sikujua kama Nadjim yu hai. Kila jioni Sitti aliweka sahani tatu. Sikumkataza. Nilikula, nikaosha sahani mbili chafu na moja safi, nikazipanga pamoja.

Mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Mutsamudu alitoa chumba chake cha juu ili watu wapate njia ya kuambizana habari. Kule Mutsamudu palikuwa na karani aliyeandika jumbe za watu kwa kompyuta, mmoja baada ya mwingine katika faili moja, akiweka mbele ya kila ujumbe neno POUR, yaani kwa fulani, na mwishoni neno FIN, yaani umekwisha. Faili liliwekwa kwenye disketi, disketi ikafungwa kwenye mfuko wa plastiki, mabaharia wakaivusha kwa njia zao ambazo hatukuziuliza. Ilitufikia Moroni ikinuka langilangi, kwa sababu huko kila kitu kilipita karibu na vinu vya kukamulia mafuta ya ua hilo. Kazi yetu ilikuwa kutafuta jumbe za mtaa huu na mtaa ule, kuzichapa, kuzikata kwa mkasi, na kumpa Moinaecha azipeleke. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kupiga taipu. Kompyuta ilikuwa moja, ya rangi ya maziwa yaliyolala, nayo ilifunikwa kitambaa kilichotariziwa, kama bibi arusi. Dirishani tulisikia wapiga debe wa teksi za pamoja: "Itsandra, Itsandra, bado mmoja!" Siku nzima alikuwa bado mmoja.

Fundi Abdu alizaliwa Majunga, ng'ambo kwa Wamalagasi, akaletwa Ngazija pamoja na maelfu ya watu wetu waliorudishwa kutoka huko baada ya mauaji, mwaka wa sabini na saba. Kwetu fundi ni mwalimu, na yeye alikuwa mwalimu mara mbili: asubuhi alifundisha watoto kusoma Kurani, mchana alikaa mbele ya mashine ile, kwani huko Majunga alikuwa karani wa teleksi na baadaye alijifunza kompyuta peke yake kwa vitabu vya Kifaransa vyenye kurasa zilizotoboka. Miaka ishirini Moroni, bado watu walimwita mtu wa Majunga. Alikula wali asubuhi, jambo ambalo Moinaecha hakumsamehe kamwe, na baada ya chakula alitia maji kwenye sufuria yenye ukoko, akayachemsha, akayanywa. "Mkeo kakunyima chai?" Moinaecha alimuuliza kila siku. "Hii ndiyo chai ya watu wasio na deni na Mchina wala Mwarabu," alijibu kila siku. Alhamisi Bweni Hadija alituletea madaba, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa nazi mpaka yakawa laini kama dawa, na sote watatu tulikula katika sinia moja. Mimi nilikuwa na tabia ya kungoja. Mtoto mkubwa katika nyumba isiyo na wazazi huzoea kunyoosha mkono baada ya wengine. Fundi aliliona hilo. "Kula, Zainaba. Sinia halina mdogo wako humu."

Alinifundisha kutafuta. Nilidhani kutafuta ni kuandika jina na kungoja. Alinionyesha kwamba unaandika ruwaza, yaani sura ya unachotafuta, katikati ya vijiti viwili vilivyolala mshazari, na nyuma ya kijiti cha pili unaweka herufi ndogo. "Herufi hii haitafutwi," aliniambia. "Haimo katika unachosoma. Inamwambia msomaji asome vipi." Nikamtazama tu. Akachukua msahafu kwenye rafu, akabusu jalada, akaufungua. "Umehitimu chuo cha Kurani?" Nikasema nimehitimu, hilo tu ndilo nililolimaliza. "Basi soma." Nikasoma. Nilipofika mwisho wa mstari nilivuta pumzi, naye akagonga meza. "Mstari umekwisha. Je, maneno yamekwisha?" Akaniwekea kidole juu ya alama ndogo zinazokaa hewani juu ya maneno. Mim: lazima usimame. Lam-alif: usisimame. Jim: ukitaka simama, ukitaka pita. "Hizi nazo hazisomwi. Hakuna anayezitamka. Lakini mtu asiyezijua atasoma maneno yote sawasawa na bado atakosea." Kwa namna hiyo, mimi niliyeacha shule, nilielewa kwa asubuhi moja jambo ambalo baadaye niliwaona vijana wenye digrii wakihangaika nalo wiki nzima. Nimefanya kazi ya programu miaka mingi tangu hapo, na hata leo nikiandika ruwaza mkono wangu hutaka kuinuka kidogo, uweke alama juu.

Alama ya kwanza aliyonipa ilikuwa herufi i. Karani wa Mutsamudu aliandika majina kwa herufi kubwa alipokuwa na nguvu na kwa ndogo alipochoka. Kwa mashine hao walikuwa watu wawili tofauti. Ukiweka i nyuma ya ruwaza, mashine inaacha kujali ukubwa. Siku ile niliporudi nyumbani kwa miguu nilijikuta nautazama mji katika hali hiyo. Nilipita mbele ya wazee waliokwisha kufanya arusi kubwa, ile ya mji mzima ambayo kwetu ndiyo humpa mtu cheo, waliokaa barazani na mashali yao mabegani, na nyuma yao waliokaa chini kwa kuwa hawajaifanya, nao wote walikuwa na uso mmoja. Ya pili ilikuwa m, inayoufanya kila mstari uwe na mwanzo wake na mwisho wake. Ya tatu ilikuwa s. Alinieleza kwamba katika ruwaza nukta moja husimama badala ya alama yoyote, lakini kwa kawaida haivuki mwisho wa mstari. Inafika ukingoni inarudi. Ukiweka s, ukingo unatoweka, ukurasa wote unakuwa mstari mmoja mrefu. "Hii usiichezee," akasema. "Ina njaa. Nitakufundisha kuilisha wiki ijayo." Mara nyingi nimekaa nikafikiri kuhusu mwaka ule kwa herufi hizo. Kuna watu walioamka asubuhi wakaisoma bahari iliyo kati yetu na Nzwani kama mwisho wa maneno, wakasimama hapo. Na kulikuwa na sisi, chumbani juu ya vitambaa, tuliokuwa tukisoma moja kwa moja bila kuvuta pumzi.

Kila disketi ilipofika, kabla ya kazi ya watu, Fundi alitoka nje kwa visingizio ili nimtafute Nadjim. Hakuniambia kwamba ananipa nafasi. Alikumbuka tu ghafla kwamba hajasalimia mtu fulani chini. Sikutafuta jina langu, kwa sababu Nadjim hajawahi kulitamka. Mdogo hamtaji dada yake mkubwa kwa jina, na hata karani angemuuliza, angesema "dada yangu" tu, na madada walijaa katika faili kama mchele. Nilitafuta jina lake yeye, mahali ambapo mtu huweka sahihi: Nadjim, nukta, Mbaraka, ambalo ni jina la baba yetu, nikiweka nukta katikati kwa kuwa sikujua karani angetenganisha kwa nafasi au kwa alama gani. Disketi sita. Kila mara mashine ilijibu kwa mstari mtupu. Fundi alirudi, akanitazama mgongoni, akasema, "Haya, tuanze na Itsandra." Siku moja nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia Moinaecha, "Nikimtazama naogopa siku atakapompata kuliko siku asipompata." Moinaecha akamwambia, "Wewe mtu wa Majunga, ukishiba ukoko unaongea mafumbo." Akajibu kwa sauti ya chini, "Mwenye kiu ya muda mrefu hamwagi maji yake, humwaga ya wenzake."

Disketi ya saba ilifika siku ya Jumatano. Fundi alikuwa amekwenda mazikoni Itsandra, Moinaecha yuko mitaani, nami niko peke yangu. Umeme ulikuwa wa zamu wakati huo. Siku hiyo ulikuwa ukatike saa kumi, na saa ya ukutani ilikuwa tisa na nusu. Sheria ya Fundi ilikuwa moja: disketi ikiingia, kwanza inanakiliwa, ndipo inaguswa. Kunakili kulichukua dakika kumi, na mashine ile ilinguruma wakati wa kunakili kama mtu anayesaga meno. Nikasema nitaanza na Nadjim, kisha nitanakili. Nikaandika ruwaza ileile. Mstari mtupu. Nikakaa na mikono mapajani. Chini mtu alikuwa akipasua kitambaa, nakumbuka sauti ile ndefu, moja kwa moja, na ndipo likanijia swali la Fundi: mstari umekwisha, je, maneno yamekwisha? Karani wa Mutsamudu alikata mistari yake mahali pamoja, popote neno lilipofika. Nikarudia ruwaza, nikaweka s nyuma yake.

Nadjim alikuwa pale. Nadjim mwisho wa mstari mmoja, Mbaraka mwanzo wa mstari wa pili. Ningepaza sauti, lakini hapakuwa na mtu, basi niliweka kiganja juu ya kioo, nacho kilikuwa na joto. Ujumbe wenyewe ulisema: kwa dada yangu, Magoudjou. Dada, mimi mzima. Fundi wangu amefunga karakana, tumepanda mlimani, kijiji cha Patsy, kwa mama yake, kuna baridi lakini chakula kipo. Usiiuze redio. Nimejua kuchomelea bati. Mwambie Sitti asile peke yake. Nikaunakili kwa kalamu katika daftari langu, kwa sababu mtambo wa kuchapa ulihitaji kupashwa moto na saa ilikuwa imefika kumi kasoro dakika nane. Chini ya ujumbe wangu, kwenye kioo hichohicho, ulianza ujumbe uliofuata, na jicho langu lilishuka lenyewe: kwa mama yangu Echati, Itsandra. Mama, lile uliloniuliza, jibu langu ni. Hapo kioo kilikuwa kimefika chini.

Desturi yetu ilikuwa kwamba ujumbe ukishatolewa unafutwa kwenye faili, ili kilichobaki kiwe kile tu ambacho bado hakijapata mwenyewe. Kufuta ilikuwa kazi ya Fundi. Lakini nilikuwa na furaha, na furaha ilinifanya niwe mtu wa ofisi kuliko nilivyokuwa. Nikaandika: kuanzia POUR, dada yangu, Magoudjou, kisha nukta, kisha nyota inayosema "kiasi chochote", mpaka FIN. Na ile s ilikuwa bado iko nyuma, nilikuwa sijaiondoa, kwa nini niiondoe, ndiyo iliyonipa Nadjim. Nikabonyeza. Nikahifadhi. Umeme ukakatika dakika chache kabla ya saa, kama ilivyokuwa tabia yake, nami nikakimbia nyumbani na daftari kifuani.

Jioni ile Sitti alikula mara mbili. Nilimsomea ujumbe hata akaujua, akawa anausema kwa sauti ya Nadjim. Majirani waliingia mmojammoja, bibi wa nyumba ya pili akaleta mkate wa sinia ambao alikuwa ameuoka kwa ajili ya wageni wake, akasema wageni wangoje. Ninaiona nyumba ile sasa kama inaelea: taa ya mafuta, makombo kwenye mkeka, watu wakinishika mikono. Nadhani sijawahi kufurahi vile tena, hata siku niliyomwona Nadjim kwa macho. Kwa hiyo inanibidi niseme pia kwamba wakati tunakula mkate ule, tayari nilikuwa nimekwisha kufanya nililofanya.

Asubuhi Fundi alifungua faili. Alitazama kwa muda, akashuka, akapanda, akashuka tena. "Zainaba. Jumbe zilikuwa arobaini na ngapi kwenye karatasi ya karani iliyokuja na disketi?" Nikasema arobaini na sita. "Hapa ziko thelathini na nne." Mmoja ulikuwa wangu. Nyuma ya wangu zilikuwa zimesimama kumi na moja, na hazikuwapo. Akasoma ruwaza yangu ambayo mashine ilikuwa imeihifadhi kwenye diski yake, akaisoma mpaka mwisho, kisha akasema polepole, kama anayemsomea mtoto, "Ulisema anza kwa dada yangu, vuka mistari, chukua kiasi chochote, mpaka FIN. Haikusimama kwenye FIN ya kwanza. Hukuiambia itosheke. Ilikwenda mpaka FIN ya mwisho kabisa." Akanionyesha alama ndogo ya kuuliza inayowekwa baada ya nyota, alama inayoiambia mashine ichukue kidogo kinachotosha. "Hii ndiyo niliyosema nitakufundisha wiki ijayo." Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. "Mashine haikukosea," alisema, "ilikutii." Nilimwuliza kama kuna nakala. Alijua kwamba najua haipo.

Nilikaa ngazini, nikawasikia ndani. Moinaecha alikuwa akisema, "Mtoe. Watu wakijua, nani ataleta tena habari yake hapa?" Fundi akasema, "Nikimtoa aende wapi? Akaseme wapi kwamba ni yeye?" "Aende kwao." "Kwao ndiko kulikomleta hapa, mwanamke." Kisha Moinaecha, ambaye miguu yake ndiyo ingebeba aibu hiyo mlango kwa mlango, akasema, "Basi atatembea na mimi. Kila nyumba. Atasema mwenyewe kwa kinywa chake." Hiyo ndiyo ikawa hukumu, nami niliipokea kama mtu anayepewa maji.

Tulimpelekea karani wa Mutsamudu barua kwa baharia, lakini naye hakuwa amebaki na nakala. Tulijua majina ya waliopelekewa, yalikuwa kwenye karatasi yake. Kwa wiki tano aliwatafuta wenye jumbe, mmoja mmoja, akawaandikia upya. Zilirudi kumi. Nilizipeleka kwa mkono wangu, Moinaecha akisimama hatua moja nyuma, na katika kila mlango nilisema kwanza kosa langu ndipo nikatoa karatasi. Wengine walinibeza. Mzee mmoja aliniuliza kama nilikuwa nikitafuta mume ndani ya mashine. Wa kumi na moja hakupatikana aandikiwe upya. Alikuwa kijana aliyefanya kazi kwenye kinu cha langilangi; aliingia katika boti ndogo ya kwenda kisiwa cha Maore, kwa Wafaransa, wiki ileile ambayo ujumbe wake uliletwa Moroni, na boti haikufika popote. Ndiye aliyeandika: Mama, lile uliloniuliza, jibu langu ni.

Tulikwenda Itsandra asubuhi. Msiba ulikuwa umekwisha kupita wiki mbili. Mama yake tulimkuta jikoni, wakimenya muhogo yeye na binti yake Rahma, maganda yakianguka katika beseni la maji. Nikakunja viganja, nikampa kwezi, salamu ya mdogo kwa mkubwa. "Mbona," akaitikia, kama kwezi inavyoitikiwa kwetu, akanipokea. Watu walimwita Koko Echati, bibi, ingawa alikuwa hana mjukuu. Nikamwambia yote: ujumbe ulikuja, nilisoma mstari wa kwanza, mengine niliyafuta. Akaacha kisu.

"Alijibu?" akauliza.

"Alijibu, Koko."

"Lakini hujui alivyojibu."

"Sijui."

Akaendelea kunitazama, na la ajabu, uso wake ulifunguka. "Basi alijibu. Nilidhani amekasirika nami." Kisha akanieleza kwa utulivu swali lilikuwa lipi. Nyumba ya Rahma ilikuwa imejengwa, mchumba yupo, mahari yamezungumzwa. Lakini baba hayupo, na kaka ndiye wa kusimama mlangoni kumpokea bwana arusi. Alikuwa amemtumia mwanawe neno: njia zimefungwa, tufunge ndoa bila wewe, au tukungoje? Moinaecha, ambaye alikuwa amekuja kunishuhudia nikiaibika, ndiye aliyelegea kwanza. "Koko," akasema, "bila shaka alisema fungeni. Kijana gani atamzuia dada yake?" Koko Echati akainua kidole chenye utomvu. "Usiniambie unachodhani. Yeye aniambie alichosoma." Nami nikarudia maneno yale, neno kwa neno, mpaka kwenye ni. Akangoja kidogo baada ya ni, kama mtu anayeshikilia mlango. Kisha akasema, "Nitangoja," na akaokota kisu. Rahma aliinamia beseni. Alikuwa akimenya. Nakumbuka muhogo wake ulikuwa mweupe sana.

Njia zilipofunguka nilikwenda Mutsamudu. Nadjim alinipokea gatini, mrefu kuliko nilivyomwacha, tukapanda pamoja Patsy kumshukuru mama wa fundi wake, na njia nzima ilinuka ile disketi. Lakini kabla ya kupanda nilimwomba anipeleke kwa karani. Nilimkuta katika chumba chenye giza kwenye vichochoro vya mji wa kale, mtu mwembamba mwenye miwani. Nilimwuliza kama anakumbuka jibu la kijana wa langilangi. Alifikiri kwa uaminifu. "Bibie," akasema, "mimi niliandika kama cherehani. Cherehani haikumbuki nguo." Niliwatafuta aliofanya nao kazi kinuni. Mmoja alisema kijana alimpenda sana dada yake. Mwingine alisema alikuwa na wivu, hakumtaka yule mchumba. Niliyaandika yote mawili.

Mchumba wa Rahma alingoja miaka miwili, kisha akaenda Marseille, akaoa huko. Koko Echati hakutaka kufungua mlango wa nyumba bila neno la mwanawe, na aliyekuwa na neno hilo nilikuwa mimi, nami sikuwa nalo. Nimekwenda Itsandra kila Idi niliyokuwa Ngazija, miaka yote hii. Kila mtu amenishauri. Nadjim aliniambia, "Dada, sema alisema ndiyo. Nani atakukanusha?" Fundi mwenyewe hakunishauri kamwe, ila safari moja, akiwa tayari mgonjwa, alisema kwamba kuna mahali pa kusimama ambapo mtu husimama kwa kukosa pumzi tu, na hapo si pa kuongeza maneno. Niliendelea kwenda na mstari wangu mmoja usioisha.

Siku tatu baada ya hitima nilikwenda tena. Koko Echati sasa amesahau mengi. Alinipokea vizuri, akanishika shavu, akaniita kwa jina la mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza chochote. Nilikaa kitako mbele yake nikingoja swali, na swali halikuja, kisha akalala. Rahma alinisindikiza jikoni. Anakaribia hamsini, anashona kofia za kuuza, mikono yake ni mizuri bado. Nilimwambia, "Sasa sijui nimlipe nani."

"Mama alikusamehe siku ileile," akasema. "Hukuona? Alifurahi kwamba alijibiwa."

"Nilimwona."

"Mimi nilikuwa pale pia, Zainaba. Ulimwomba radhi mama. Ukamwomba radhi marehemu, nilikusikia ukimsomea. Arusi ilikuwa ya nani?"

Miaka karibu thelathini nilikuwa nimeingia katika nyumba ile na kupita mbele yake kwenda kwa mama yake. Nikakunja viganja, nikampa kwezi, ingawa yeye ni mdogo kwangu. Hakuitikia. Nikamwuliza anataka nini, nimlipe nini, chochote alicho nacho mtu kama mimi.

"Sijui," akasema, akaanza kupakua wali. "Hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa hiyo sijafikiri. Nikijua nitakuambia."

Akaweka sahani mbele yangu. Wakati huu sikungoja wengine, kwa kuwa hakukuwa na wengine, nikala. Tangu siku hiyo simu yangu siizimi. Bado hajapiga.